Mutu wa Kuingia Naye

Lundi, tarehe 6 juin 2011

Mugeni amefika. Sista Kobusinge, muzalishaji wa Hoima, Uganda, ng'ambo ya ziwa. Huko kwao wazalishaji wote wanaitwa Sista — huyu iko na bwana na watoto watano. Alivuka na mutumbwi wa motere mpaka Kasenyi, kisha akapanda mulima mpaka huku Bunia juu ya kamyo, lori ya samaki. Ananukia samaki mpaka kwenye nywele, na yeye mwenyewe njo wa kwanza kucheka.

Miye na Mama Pétronille, responsable, mukubwa wa maternité yetu, nyumba ya kuzalia hapa Lumumba, tulimupokea. Shida ilianza palepale. Yeye hajue Kifaransa, siye hatujue Kiingereza. Basi Kiswahili. Lakini Kiswahili yake aliifunza kwa baba yake, askari. Amri tupu. "Kaa! Kunywa chai!" Mama Pétronille akakaa kwenye kiti yake mwenyewe, akakunywa chai yake mwenyewe. Sijaona bado mutu anamutuma Mama Pétronille.

Wamama wawili kwenye baraza walinyamaza kusikia ile sauti. Bunia haijasahau askari wa Uganda waliosema vile wakati wa vita. Sista aliona. Akashusha sauti, akaenda kuwauliza majina ya watoto wao. Nilimupenda kwa ile.

Mardi, 7 juin

Kazi yenyewe: wazalishaji wa Ituri, huku kwetu, na wa Uganda tutengeneze sheria moja za kazi. Wanawake wa ziwa wanavuka kila mara, wanazalia pale uchungu unawakuta. Kwa hiyo mama akizalia huku ao kule, ahudumiwe sawasawa.

Asubuhi tulikaa kila mutu na wa kwao — wa Djugu kwa ukuta huu, wa Kasenyi kwa ukuta ule, sawa vile tumezoea tangu vita. Sista akasimama katikati: "Changanya!" Tukachanganyika. Ile Kiswahili ya askari nayo iko na faida.

Sheria za kwanza zilipita bila kelele. Kunawa mikono. Kutokandamiza tumbo ya mama ili mutoto atoke mbio. Kutotukana mama, kutomupiga. Kisha ile ya mwisho: mama asizale peke yake, aingie na mutu anayemutaka, bwana, mama yake ao rafiki.

Mama Pétronille akasimama. "Chumba yangu ni kidogo. Bwana akizimia, nizalishe bibi ao niamushe bwana?"

Watu walicheka. Miye pia. Kisha nikaona yeye hacheki.

Mercredi, 8 juin

Siku nzima juu ya neno moja.

Sista aliandika ubaoni: mama iko na haki ya kuingia na mutu wake. Mama Pétronille akafuta "haki" na kiganja, akaandika "ruhusa". Ruhusa, anasema, inatoka kwa responsable. Akiona ni vizuri atatoa, akiona ni vibaya atakatala. Alphonsine wa Djugu akasema hapana, ruhusa njo ile tuko nayo leo, na wamama wanalia peke yao.

Wakaniuliza miye. Mama Pétronille njo alinifundisha kazi. Nilisema haki. Sauti yangu ilitoka ndogo sana.

Hakukasirika. Akaweka chaki chini. "Emérance, weye ulikuwa ungali masomoni Kisangani. Wakati wa vita watu wenye bunduki waliingia mule ndani ya chumba ya kuzalia. Kila mumoja anasema: miye ni bwana yake, niache nipite. Mama mumoja alikuwa kitandani, mutoto bado hajatoka. Tangu siku ile mutu hapiti mulango ile bila neno langu."

Na siye njo tulicheka jana.

Sista alitafuta maneno moja moja. Mwishoe akasema polepole, bila amri: "Wale hawakuchaguliwa na mama. Sheria iseme mama njo anachagua."

"Nitafikiri," Mama Pétronille alijibu. Kwa yeye, ile ni nyingi.

Jeudi, 9 juin

Tulijaribu ile sheria. Kavira, bibi ya Lambert muashi, alikuja na uchungu, akaomba bwana yake. Mama Pétronille akakubali na kichwa: aingie, lakini akae upande wa kichwa.

Lambert hakuzimia. Alimupepea bibi yake na kofia, akaimba nyimbo za kanisa, zote kwa sauti mubaya. Kavira akamuuma mukono, akamuambia anyamaze. Akaendelea kuimba kidogokidogo. Mutoto musichana, kilo tatu na nusu! Lambert analia kuliko mutoto.

Mama Pétronille aliona vyote kutoka mulangoni. Nikamuuliza alimuona Lambert namna gani.

"Alitubebea maji," akasema. Akaenda zake. Mabega yake yalikuwa yanacheka.

Vendredi, 10 juin

Leo tulipaswa kuchagua neno. Hatujachagua.

Tulikuwa ndani ya réunion, mukutano wetu, wakati Séphora alifika, binti ya Mama Pétronille, mimba yake ya kwanza, ameshikilia shingo ya bwana yake Tharcisse. Mama Pétronille alishaanza kunawa mikono. Lakini zamu ni ya Régine, muzalishaji kijana. Régine, na woga wake wote, akauliza sawa vile tulipatana: "Séphora, unataka nani aingie na weye?"

"Tharcisse."

"Na mama?"

Séphora alimuangalia mama yake, machozi tele. "Mama, weye utanifokea. Unafokeaka wote."

Mama Pétronille akapanguza mikono, kidole kwa kidole. "Ingieni," akasema. Akatoka.

Sasa iko kwenye banki, kiti murefu ya baraza, pale mama-wakwe wanakaaka kungojea. Naandika hapa kwa chumba ya consultation, pale tunapimia wamama, mulango wazi, namuona. Bibi muzee mumoja karibu yake amemuuliza kama na yeye iko na mutoto ndani. Ndiyo, amejibu. Muzee akamupatia nusu ya muhindi wake wa kuchoma. Anaushika tu, hali.

Réunion imesimama. Sista Kobusinge ameketi kando yake.

Sauti ya Séphora inapanda. Tharcisse anamutuliza. Tena inapanda, murefu, na mwisho wake neno moja: mama. Kila mwanamuke anaita vile, si kusema anamuita mama yake kweli. Mama Pétronille anajua kuliko siye wote.

Amesimama. Amemurudishia muzee muhindi. Mulango ile haina kufuli, na wazalishaji wote humo ndani ni wanafunzi wake. Nafikiri atausukuma tu, ataingia.

Amefika. Anatengeneza kitambaa kichwani.

Anapiga hodi. Anangoja.