Filamu ya Harusi ya Biasha

Picha ya Ndege, Kibaha

Kaka yangu Latifu,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute na afya, wewe, wifi na watoto. Huku tunaendelea, ila moyo wangu haujatulia. Nimempa jirani yetu Isihaka akuletee mkononi, maana nikiongea nawe kwa simu baba huwa yupo karibu, anasikia.

Wiki iliyopita tulikwenda Chole kwenye harusi ya Biasha, binti wa shangazi. Baba alibeba kamera yake ya filamu. Hataki kusikia habari za picha za simu. Aliweka filamu mwenyewe, akaanza kupiga: maharusi, wazee, mpaka wapishi. Mimi nikaona kila akivuta ile filamu isogee, kirungu cha kuirudishia hakizunguki. Nikamnong'oneza kwamba filamu haitembei. Akanijibu kwamba yeye alikuwa anaweka filamu kabla mama hajanizaa. Akaendelea kupiga.

Picha za filamu moja zilipaswa kwisha, hazikwisha. Tukaingia chumbani kwa shangazi, tukaziba dirisha kwa blanketi, akafungua kamera gizani, mwanga usiiharibu filamu. Akapapasa, akapapasa, kisha akaniambia niwashe taa. Filamu nzima ilikuwa bado imejikunja ndani ya kikopo chake. Ncha yake haikushika tangu mwanzo. Hatukuwa na picha hata moja.

Shangazi alisema si neno, bibi harusi atavaa tena asubuhi. Kulipokucha baba akanipa mimi kamera, akanielekeza kwa mdomo tu: ncha iingie kwenye ule ufa mwembamba wa kuishikia, meno yashike matundu ya pande zote mbili, kirungu kizunguke ndipo nifunge. Nikamuuliza kwa nini asiweke yeye. Akasema taratibu kwamba ule ufa haukuonekana kwake.

Kaka, baba haoni. Jicho la kushoto limeshakwenda, la kulia linafifia. Nilimpeleka hospitali, daktari akasema ni presha ya macho. Kilichopotea hakirudi, kilichobaki kitaokolewa akipasuliwa mapema. Amekataa, anaogopa kutoka huko akiwa kipofu kabisa. Na aliniapisha nisikwambie. Nimevunja kiapo. Mimi hanisikilizi, wewe atakusikiliza. Njoo.

Picha za asubuhi ile zimetoka. Nimekuwekea moja humu, ya baba. Nilisimama mbele yake nikamwomba anitazame. Angalia anatazama wapi.

Wifi msalimie sana, watoto uwashike vichwa kwa niaba yangu.

Mdogo wako,
Firdausi