Zishuke, Bwana

Shoga, acha hiyo kazi unisikilize. Nimeishiwa nguvu.

Si unakumbuka zile hisa za kiwanda cha magodoro nilizonunua kwa akiba yangu ya cherehani? Watu walikuwa wanazikimbilia, nami nikakimbia. Tangu siku ile ni kushuka tu. KUSHUKA!

Basi nikamwomba shangazi aniombee. Leo nafika mlangoni kwake, namkuta kapiga magoti, anaomba: "Zishuke, Bwana! Zishuke!"

ZISHUKE, shoga!!

Nikaingia bila hodi. "Shangazi! Zinazoshuka ni baraka! Hisa zinatakiwa zipande!" Nilidhani kachanganya.

Akageuka taratibu. "Mwanangu, za kwako nilishaziombea asubuhi. Hizi ni zangu."

Zake?!

"Ulinunua zikiwa juu, nikasema huyu ana haraka. Mimi nasubiri zishuke zaidi ndipo ninunue. Kwani nyanya unazivizia siku zikiwa ghali?"

Miaka yote nakwenda sokoni, shoga, nyanya sijawahi kuzikimbilia zikipanda.

Akanivuta mkono. "Njoo, maombi ya wawili yana nguvu."

Nimepiga magoti. Akasema zishuke.

Nimeitikia amina. Tena kwa sauti.