Kaka Deo na Zile Risasi za Bei Rahisi

Kaka yangu Deo,

Tangu tulipokuzika Keza watu wamesema mengi juu ya siku ile, na waliosema zaidi ni wale ambao hawakuwepo. Nimenyamaza vya kutosha. Barua hii nakuandikia wewe, lakini naiacha wazi. Anayetaka asome.

Naanzia uwanja wa shabaha, nyuma ya kambi yetu ya askari wa wanyamapori kule Biharamulo. Asubuhi ile afande Masalu alileta risasi mpya, kwenye boksi za karatasi nyembamba ambayo wino wake ulitoka ukabaki vidoleni. Ulizigeuzageuza mkononi ukamuuliza, "Afande, hizi zimetoka wapi?" Naye akakujibu kwa ile lafudhi yake ya Kisukuma isiyo na haraka, "Zimetoka kiwandani kama zile nyingine. Ila ni za bei rahisi. Ndizo tulizopewa."

Ukaniambia, "Koleta, lete kadibodi. Tuone bei rahisi inaumaje."

Tulisimamisha kadibodi mbele ya kichuguu, tukachora duara kwa mkaa. Ukalala nyuma ya mfuko wa mchanga na ile bunduki kubwa ya nyati. Risasi ya kwanza ilirudisha kitako kwa nguvu kikakuchana mdomo. Ya pili ilisukuma kidogo tu, kana kwamba imechoka. Baruti haikuwa sawa ndani yake, hata mimi nilisikia kwa mlio. Tulipokwenda kutazama, matundu yalikuwa yametapakaa, moja juu kabisa, moja ukingoni, na risasi nyingine haikugusa kadibodi, ilikuwa imeng'oa bonge la udongo pembeni. Ulitema damu, ukaburuta mfuko wa mchanga mbele, ukapiga, ukauburuta tena. Ukaendelea hivyo mpaka umbali ukawa kama wa kutoka mlangoni kwa mama hadi jikoni kwake. Hapo ndipo matundu yalipokaa pamoja, yote ungeyafunika kwa kiganja.

"Si mbaya," ulisema. "Ila si za mbali. Ukiwa na hizi, lazima umngoje mnyama aje."

"Na asipokufa?"

"Unamngoja aje zaidi."

Nilicheka. Wewe hukucheka, ulikuwa unajifuta mdomo kwa mkono wa shati.

Haikupita wiki, simu ikaja kutoka kwetu Keza. Nyati alikuwa ametoka porini na waya wa mtego mguuni, mguu umeoza, ana hasira na kila kinachotembea, na ameingia mashambani. Afande akatutuma sisi wawili, kwa sababu vijia vya kule tulivijua tangu utoto. Tulipofika alikuwa ameshaua. Mzee Bernado, jirani yetu, alikuwa amekwenda kukata ndizi. Nyati alimtoboa, akamrusha, akamkanyaga, akaondoka, kisha akarudi kumkanyaga tena. Migomba ilikuwa imelala chini kama imepigwa na mvua ya mawe. Panga la mzee lilikuwa bado limenasa kwenye mkungu. Ulivua koti lako ukamfunika, ukasema, "Shikamoo, mzee," kama ulivyokuwa ukimsalimia njiani kila siku.

Tulifuata harufu ya ule mguu mpaka bondeni, kwenye matete. Ulinionyesha kwa mkono nikae nyuma yako, upande wa kushoto. Na alitokea upande huohuo wa kushoto. Hakulia wala hakupiga kwato chini. Matete yalifunguka na kichwa kikawa kimeshafika. Nilipiga. Risasi ilimwingia begani, nikaona vumbi likiruka kwenye ngozi yake, naye akaitikisa kama anafukuza nzi. Nilikuwa nakoki bunduki tena nilipokusikia.

Ulitoka mahali pako ukaja wazi kabisa. Ulimtukana kwa Kihangaza chetu, matusi ambayo mama angekupigia kofi hata ukiwa na mvi. Ulirusha kofia yako usoni mwake. Akakugeukia.

Ulimngoja, kaka. Ulimngoja kama ulivyosema. Ulimpiga kifuani kwa karibu kiasi kwamba manyoya yaliungua, naye akaendelea kuja, na nikasikia mifupa yako ikivunjika. Pembe iliingia pajani ikakunyanyua. Ulikwenda juu na bunduki bado mkononi. Alikutupa, akapiga magoti juu yako, akaanza kukusaga na paji la uso wake. Nilikimbia kumwendea. Sikujua kwamba miguu yangu inaweza kukimbilia kitu kama kile. Niliweka mtutu shingoni mwake, nikafyatua. Akainua kichwa. Nikafyatua tena nyuma ya sikio, damu ikanirukia mdomoni, ya moto, na akaanguka juu ya miguu yako.

"Sogeza mguu wake," ulisema. "Ananilalia."

Nilisukuma kwa mabega, kwa mgongo, kwa kitako cha bunduki, hakusogea mpaka wanaume wa kijiji walipokuja na miti. Nilikufunga paja kwa mkanda wangu, na damu ikaendelea kutoka juu ya mkanda na chini ya mkanda. Walikubeba kwa machela ya blanketi hadi barabarani. Ndani ya gari ulinishika kifundo cha mkono. Kabla hatujapanda mlima wa Ngara mjini, vidole vyako vililegea. Niliendelea kukuongelesha mpaka hospitali, kwa sababu dereva alikuwa anatutazama kwenye kioo na sikutaka apunguze mwendo.

Sasa nikueleze yaliyofuata, maana hukuyaona.

Kwenye matanga mtu mmoja alisema lile tundu la pajani ni la risasi. Mwingine akasema dada yake marehemu ndiye aliyekuwa nyuma na bunduki. Daktari alikuwa ameshatuambia kwamba ni pembe, hakuna risasi mwilini mwako, lakini maneno ya daktari yalibaki Ngara na haya mengine yalikuwa yanapika ugali pamoja nasi. Mama aliwafukuza wawili nyumbani. Mkeo, wifi Leokadia, hakumfukuza mtu. Nilipompelekea sahani aliisogeza pembeni. Mtoto wako mdogo alipopanda mapajani pangu, alikuja akamchukua bila kunitazama.

Arobaini ilipopita, alipanda basi hadi Biharamulo. Mjane mwenye nguo nyeusi, peke yake, hadi kambini. Alimwamkia afande, akasema, "Nataka kuona hizo risasi zinakwendaje."

Afande alimwambia uchunguzi umekwisha.

"Wenu umekwisha," wifi akasema. "Mimi bado."

Boksi lilikuwa na risasi zilizobaki, zilezile. Afande alinitazama, nikakubali kwa kichwa. Alikata kadibodi kwa ukubwa wa shingo ya nyati, akaipachika juu ya kijiti. Chini yake akalaza gunia lililojazwa majani, kwa urefu wako. Hakuna aliyesema lile gunia ni nani. Nilisimama umbali uleule wa siku ile, kwa jinsi nilivyoweza kukumbuka, kisha nikakimbia kama nilivyokimbia. Niliogopa, kaka. Mimi na wewe tuliziona zile risasi zikitapakaa, nilijua zinavyoweza kuchagua njia yao. Nilifyatua. Kitako kilinipiga begani nikayumba. Nikafyatua tena. Masikio yakaziba, moshi ukatanda, na kwa muda sikuweza kuona kitu.

Wifi alitembea hadi pale. Hakuitazama kadibodi, ambayo matundu yake yalikuwa yamegusana. Alipiga magoti penye gunia. Akalipapasa kuanzia juu hadi chini, akaligeuza, akaingiza vidole kwenye kila mshono, akalifungua na kumwaga majani yote chini, akayachambua. Hakupata kitu. Akakaa chini katikati ya yale majani.

Nilimwendea nikakaa karibu yake.

"Nilikuja nikiomba tundu lionekane," alisema. "Ningekuchukia wewe. Sasa nimchukie nani? Mnyama ameshaliwa."

Alilia kwa sauti ambayo hakuitoa hata kaburini. Alinipiga kifuani kwa ngumi, mara nyingi, na sikumzuia, mpaka mikono yake ikachoka ikabaki pale pale kifuani pangu. Afande aligeuka akaenda zake.

Bado niko kambini. Risasi zinaendelea kuja za aina ileile, na afande ameshapeleka malalamiko mpaka amechoka. Kila boksi mimi ndiye ninayelijaribu kwanza. Kuna siku nikisikia mlio ule mdogo, uliochoka, nataka kuvunja bunduki kwenye jiwe. Na kuna siku nakukasirikia wewe. Nyati alikuwa anakuja kwangu. Hukuniuliza.

Mwezi uliopita nilikwenda Keza. Wifi alinipakulia, tukala sahani moja. Baada ya kula, Stela wako, ambaye sasa ananifikia begani, akaniambia, "Shangazi, niambie baba alivyokufa. Yote." Nilimtazama mama yake. Wifi akasema, "Mwambie." Nikamwambia yote, pembe, mifupa, damu, mkanda wangu ambao haukuzuia kitu. Hakufumba macho.

"Baba aliogopa?" akauliza.

"Aliogopa sana," nikamwambia. "Nilimwona. Midomo ilikuwa myeupe, na sauti yake ilipasuka alipokuwa anamtukana. Na alikuwa anasogea mbele."

Kisha akaniomba nimfundishe yale matusi.

Nimemfundisha, kaka. Usimwambie mama.

Lala salama,
Mdogo wako, Koleta