Barua ya Kuwaondoa Askari Uganda Imo Sandukuni Mwangu

Kwako Mama wa ukurasa wa sita,

Mimi hukusoma kila gazeti linapofika huku Kakuma, hata likiwa la wiki iliyopita, na leo naona zamu yangu ya kuandika imefika, lakini tafadhali usitaje jina langu, kwa sababu mimi ni mwenye haya sana na baba akijua hatasema nami mwezi mzima.

Nina miaka kumi na saba, nilimaliza shule Lodwar mwaka jana, na tangu nirudi nyumbani kazi yangu ni kupika chai katika hoteli ya baba, na lori la Kitale likileta gazeti nawasomea wazee, sentensi moja kwa Kiswahili halafu nairudia kwa Kiturkana, nao wamekalia vigoda vyao vya kubeba mkononi ingawa baba alinunua mabenchi. Kwetu msichana hasemi penye mkutano wa wanaume, lakini kusoma wananiruhusu, kwa sababu wanasema hayo si maneno yangu, ni ya gazeti, na hata nikisoma jambo la kuwaudhi wanalitukana gazeti, mimi wananiomba chai.

Sasa tangu askari wa Tanzania waiangushe serikali ya Uganda mwezi wa nne, hotelini hakuna mazungumzo mengine ila jambo moja tu, kama askari hao warudi kwao au wabaki. Baba yangu, Mzee Longor, alipigana Burma zamani, na anasema askari hana kazi mahali vita vimekwisha, "Sisi tulipomaliza tulipandishwa meli, maana anayebaki anaanza kula kuku za watu na mwishowe anaoa," naye Bwana Kipkemboi wa chanjo ya ng'ombe anamjibu, "Mzee, wakiondoka hao leo, zile bunduki zitakuja kunywa chai hapa hapa," na baba anasema, "Wewe shughulika na sindano yako," na wote wanacheka, na kesho yake wanaanza tena pale pale.

Mwezi wa sita baba akasema maneno matupu hayatoshi, ipigwe kura, wakainua mikono, kumi na mmoja wakataka askari warudi, wanne wakataka wabaki, mimi sikuhesabiwa kwa kuwa nilikuwa nimeshika kalamu, na baba mdogo Ethuro hakuhesabiwa kwa kuwa alikuwa nje akinywesha mbuzi. Halafu nikaamriwa kuiandikia Serikali ya Tanzania kwamba wazee wa Kakuma wamekaa na kuamua, na askari wote wawe wametoka Uganda kufikia Ijumaa. Mama, niliandika kama nilivyoambiwa, lakini hawakusema Ijumaa ipi, na nikaona aibu kuipeleka posta, na tena dereva wa lori alikuwa amenieleza kwamba kule ng'ambo, askari wa serikali ya zamani walipokimbia, watu walivunja ghala la silaha la kambi, na sasa vijana wengi wa kule wana bunduki zao, nami nikawaza kwamba hawa wa Tanzania wakiondoka nani atazikusanya, basi barua nikaitia chini ya nguo zangu katika sanduku la bati, na baba aliponiuliza nikasema imekwenda.

Wiki tatu baadaye gazeti likasema baadhi ya askari wameanza kurudi nyumbani, nami nikasoma kama lilivyo, na hoteli nzima ikasimama. Baba akampa mkono kila mtu akisema, "Mmeona? Walikuwa wanangoja tu kuambiwa," na hata wale watatu waliopinga pamoja na Bwana Kipkemboi wakasema wao pia siku ile waliinua mkono upande wa baba, ila hawakuonekana vizuri, na chai ya siku hiyo ikawa ya bure, isipokuwa Bwana Kipkemboi aliyelipia yake kwa hasira.

Ningekaa na siri yangu mpaka nizeeke, lakini baba amemwambia baba mdogo Ethuro kwamba vita vimekwisha, wazee wamevimaliza, na apeleke mbuzi na ngamia wote wa nyumba yetu Oropoi, chini ya milima ya mpaka, mahali ambapo majani yamesimama kwa sababu tangu mwezi wa nne hakuna aliyethubutu kuchungia huko kwa kuogopa wezi wa mifugo wenye bunduki hizo. Baba mdogo hajui kusoma. Alinifuata jikoni akaniuliza taratibu, "Mwanangu, wewe ndiye unayeona karatasi. Kweli barua ilifika?" Nikasema, "Ilifika, baba." Akasema, "Ejok," yaani ni vizuri kwa Kiturkana, akaenda kumwambia mkewe aanze kufunga mizigo. Wataondoka mwezi mpya ukiandama, yeye na mkewe na watoto wao watatu, na mdogo bado anabebwa mgongoni.

Nifanye nini, Mama? Niitume barua sasa ili nisiwe mwongo? Niichome? Au nimwambie baba, na kama ni kumwambia, msichana anasimamaje mbele ya wanaume kumi na watano kuwaambia kwamba vita walivyomaliza havijakwisha?

Ni mimi,
Mwenye Haya, Kakuma.

JIBU

Binti,

Jina lako nimelificha kama ulivyoomba, ingawa sijui limejificha wapi, maana umenitajia baba yako, baba yako mdogo na bwana wa chanjo, na sidhani Kakuma ina wasichana wawili wanaowasomea wazee gazeti hotelini.

Nilicheka sana nilipofika kwenye ile Ijumaa. Nilipofika Oropoi nikaacha.

Barua usiitume. Serikali ya Tanzania haikuwa ikiingoja. Waliorudi wamerudi kwa amri ya wakubwa wao, waliobaki wamebaki kwa amri hiyo hiyo, na hakuna mkubwa aliyeuliza Kakuma inaonaje. Washa nayo jiko, angalau ichemshe kitu.

Na mimi nina maoni juu ya askari hao, kwani siku hizi nani hana? Baba yako hakukosea yote. Jeshi la kigeni likikaa sana husahau njia ya kwao, na wenye nchi huanza kulisalimia huku wakitazama chini. Waende kwao, ndiyo. Lakini aliyeangusha serikali ya mtu, maghala ya silaha yakabaki wazi nyuma yake, hana ruhusa ya kufunga virago kabla hajasaidia kuzikusanya bunduki hizo. Na asituambie ataondoka hali ikitulia. Ataje tarehe. Bwana Kipkemboi naye akumbuke kwamba kukaa bila tarehe ni kuhamia.

Hayo ni maoni yangu, na hayazuii risasi, kama yasivyozuia ya wazee wenu. Wamepiga kura juu ya nchi isiyo yao na jeshi lisilo lao, na mtu pekee ambaye hizo bunduki zitamkuta alikuwa nje na mbuzi. Usidhani ni Kakuma peke yake. Miji mikubwa kuliko wenu huamua vita vivyo hivyo, tofauti ni ubora wa viti.

Sasa wewe. Unaniambia una haya. Mwenye haya hushindwa kusema, lakini wewe hukushindwa, umemdanganya baba yako uso kwa uso, kisha ukamdanganya mtu aliyekuja jikoni kukuuliza kwa upole, na sauti ilitoka vizuri tu. Halafu barua yako imenifikia baada ya siku kumi na moja, gazeti litachukua nne au tano kufika kwenu, na siku zote hizo umekaa ukingoja mwanamke wa Nairobi akuambie kwamba watoto watatu wasipelekwe mbele ya bunduki. Hilo nalo lilihitaji kupigwa chapa? Nakuhurumia, najua ilivyo vigumu kwa binti kumsahihisha baba mbele ya rika lake, lakini ungeweza kumsahihisha baba mdogo pale jikoni, palipokuwa na ninyi wawili na sufuria.

Kama amekwisha kuondoka, weka gazeti chini sasa hivi, usimalize hata mstari huu, mkimbilie Bwana Kipkemboi, mwambie yote, awafuate kwa gari la chanjo. Anajua njia za mifugo, na ana hamu ya kumshinda baba yako.

Kama bado yupo, basi bahati yako ni kubwa kuliko akili yako. Mwite aingie ndani, mbuzi wasimamiwe na mtu mwingine. Wazee wakisha kukaa, fungua ukurasa wa sita, usome kuanzia hapa, kwa Kiswahili na kwa Kiturkana, na usiruke neno. Kusoma wanakuruhusu.

Wazee wa Kakuma, salamu. Barua yenu haikwenda. Binti aliyeagizwa aliona aibu kwa niaba yenu, akaificha, akawadanganya, na kwa uongo huo mkemeeni leo, kesho yaishe. Silaha zilizotoka katika kambi ile bado ziko ng'ambo ya milima, na hakuna aliyezihesabu, si Dar es Salaam, si Kampala, si ninyi. Mzee Longor, wewe ulikuwa askari. Hukupeleka kikosi mahali ambapo hakuna aliyetangulia kupeleleza, na hukukubali kutangulizwa pamoja na mtoto wa mgongoni. Mdogo wako anakuamini. Mwambie ulikosea, mwambie hapo hapo ulipokaa, watu wakisikia kama walivyokusikia ulipojisifu.

Bwana Ethuro, usiende kwa neno la hoteli wala kwa neno la gazeti, hata hili langu. Watafute watu wazima wawili wanaoijua Oropoi, watangulie bila mnyama hata mmoja, wakaone nani anapita huko, warudi kukuambia. Mpaka warudi, mifugo ikonde karibu na nyumbani. Mbuzi aliyekonda hunenepa tena.

Binti, ukifika hapa funga gazeti. Usisimame kusikiliza watakavyosema. Nenda kwa mke wa Ethuro, umsaidie kufungua mizigo.