Ulimi wa Mzee Jaume

Wembley, London
Jumapili, mwisho wa Aprili 1999

Mke wangu mpendwa, Mama Mghoi,

Nianze na kifua chako. Kile kikohozi nilichokisikia kwenye simu kimepungua? Ulienda hospitali kweli, au uliniahidi tu ili nikate simu nikiwa na amani? Na Mghoi, meno yake ya mbele yameota? Mwandoe bado anakataa kulala bila taa? Mimi mzima, namshukuru Mungu. Baridi imeanza kulegea. Juzi nilienda kazini na koti moja badala ya mawili.

Uliniuliza mbona sauti yangu ilikuwa imenyong'onyea mwezi uliopita. Nilikuficha, si kwa ubaya, ila jambo lenyewe halikuwa langu peke yangu. Sasa limekwisha, naweza kukusimulia.

Unajua niko katika mgahawa wa Mzee Jaume, hapa hapa Wembley. Nilianza kwa kuosha sufuria, sasa namsaidia kupika. Kwao ni kusini kabisa mwa Ufaransa, mpakani na Uhispania, kama sisi na Watanzania pale Taveta. Pasipoti yake ni ya Kifaransa, lakini ukimwita Mfaransa anakuangalia vibaya. Yeye ni Mkatalani, na chakula chake kina mkono wa pande zote mbili: siagi na mvinyo wa Wafaransa, halafu nyanya, zeituni, kitunguu saumu na mdalasini wa kwao. Wapo watu wanaovuka London nzima kuja kula madonge yake ya nyama ya kusaga, yanayoiva polepole kwenye rojo la uyoga mkavu na zeituni. Kwao huchoma hata konokono juu ya makaa. Nimeonja. Usimwambie mama.

Januari Mzee aliugua homa kali, akalala wiki mbili. Aliporudi nikaona sahani zinarudi jikoni zimejaa. Siku moja supu ya kabichi ilikuwa chumvi tupu. Siku nyingine krimu ya mayai iliungua, jikoni kote kunanuka, naye amesimama pale pale akikata vitunguu, hana habari. Nikazima moto.

"Mzee, husikii harufu?"

Akaweka kisu chini. "Funga mlango, Shedi." Nikafunga. "Sisikii kitu. Tangu ile homa. Kahawa, vitunguu, nyama, vyote mdomoni mwangu ni maji. Daktari anasema huenda itarudi, huenda haitarudi."

"Umemwambia nani?"

"Wewe."

Mama Mghoi, mtu amepika miaka arobaini!

Aliyemtia hofu zaidi ni dada yake, Bi Roza. Mgahawa ni wao wawili, na dada alikwisha kusema siku nyingi kwamba Jaume amechoka, wauze, arudi nyumbani apumzike. Naye alikuwa anakuja Pasaka. Akijua, basi, mgahawa umefungwa na mimi sina kazi. Nisikudanganye, hilo nalo lilininyima raha.

Tukapatana niwe ulimi wake. Yeye anapika kwa mikono iliyozoea, mimi naonja na kumwambia. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kubeba magunia. Ananisogezea kijiko: "Niambie." Nasema, "Nzuri." Anakasirika. "Nzuri si neno! Chumvi iko wapi? Inakuja mwanzo au mwisho? Inakaa au inaondoka?" Kiingereza changu kikaniishia, na chake si kingi. Siku moja nikaropoka tu kwa Kiswahili, "Haijakolea, mzee, imepooza." Akataka kujua maana, nikamweleza kwa mikono. Tangu hapo tukawa tunapika kwa Kiswahili: imepooza, imekolea, inawasha, inakwaruza koo. Ungemsikia akitamka "bado kidogo" ungecheka.

Lakini alikuwa anakonda. Hakula ila mkate mkavu, tena akiwa amesimama, kama mtu anayetimiza wajibu.

Bi Roza alifika Alhamisi kabla ya Pasaka. Ni mama mfupi, nywele nyeupe, macho ya mwalimu wa hesabu. Tukampikia madonge. Rojo nililionja mara saba. Akala donge la kwanza, akala nusu ya la pili, akaweka uma. Waliongea Kikatalani, Mzee alinitafsiria baadaye, ila neno lao la mdalasini nililitambua.

"Jaume, nani amepika?"

"Mimi."

"Mikono ni yako. Mdalasini si wako. Mama hakutia hivi hata siku moja."

Nilivyoona uso wa Mzee nikajua tumeshikwa, na kosa ni langu. Nilikuwa nimeonja kwa ulimi uliozoea pilau yako. Kwangu mimi nyama ya mdalasini haijakolea mpaka ifike pale unapoifikisha wewe. Nikatoka jikoni nikamwambia Bi Roza kwa Kiingereza, "Mama, ni mimi. Yeye alifuata nilichomwambia."

Mzee Jaume akavuta kiti, akamweleza dada yake yote. Hakupiga kelele yule mama. Alimuuliza tu, "Miezi mitatu hii unakula nini?" Akajibu, "Mkate." Hapo ndipo dada alipomshika uso kwa mikono miwili, akalia.

Nilidhani kesho yake nitaambiwa nitafute kazi. Asubuhi nikamkuta Bi Roza jikoni amefunga aproni, goti limefunikwa kitambaa cheupe, anavuta donge la unga juu ya goti mpaka linakuwa jembamba kama karatasi. Ni maandazi yao ya Pasaka, yananukia maua ya mchungwa.

"Njoo hapa," akasema. "Kama wewe ndiye ulimi, basi ulimi ujue mama yetu alipika vipi."

Alikuja kwa siku nne, akakaa wiki tatu. Ameondoka jana. Habari za kuuza hakuzigusa tena.

Leo mchana, wateja walipokwisha, Mzee aliandaa sahani mbili, akaketi. "Kula, uniambie." Nikala nikisema kila kilichopita mdomoni, naye akala pamoja nami, donge kwa donge, akafuta rojo kwa mkate. Ladha hakuipata, najua. Lakini sahani aliimaliza.

Nimerudi chumbani nikakufikiria. Miaka kumi na moja nimekula chakula chako, nikisema asante na kunyoosha mkono kwenye redio. Sijawahi kukuambia kwamba kimanga chako hakuna anayekiponda hivyo, muhogo laini na maharage bado mazima. Wala kwamba mchicha wako una uchachu fulani mwishoni. Ni kitu gani, Mama Mghoi? Ndimu? Nisamehe kwa kuchelewa kuuliza.

Nisalimie mama mzazi, na mama mkwe na magoti yake yanayomsumbua. Kaka mkubwa anayetuangalizia ng'ombe mwambie namkumbuka, na shemeji fundi cherehani pia. Wanangu wakumbatie, mmoja mmoja.

Ukinijibu, usianze na mvua wala habari za kanisani. Nieleze ulichopika siku hiyo, kilikoleaje, na nani aliomba aongezewe. Andika polepole. Nitaisoma mezani, nikila.

Mumeo akupendaye,
Baba Mghoi