Mkono wa Baba Uliobaki Nje ya Picha

Nachingwea,
mwishoni mwa Novemba

Kaka yangu mpendwa Imrani,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Dar es Salaam, wewe, wifi Munira na watoto. Sisi huku tunapumua tu. Mama anakula ukimsimamia. Masoudi ameokota korosho zote peke yake bila kulalamika, na wewe unamjua mdogo wetu, kwa hiyo elewa hali ilivyo.

Utashangaa kuletewa barua na kondakta wa basi wakati simu ninayo. Nimeliogopa grupu la familia. Wajomba wote wanasoma humo, na haya ni yako peke yako.

Nimeona ulivyoandika kwamba unakuja kumshtaki Bi Mwamina wa Nambilanje kwa polisi, kwa sababu alikaa na baba yetu nyumbani kwake, tangazo letu la kumtafuta baba aliyepotea likamfikia, akanyamaza mpaka baba akafa na kuzikwa kama mtu asiye na kwao. Hasira hiyo naijua. Fransisko, yule mnunuzi wa ufuta, alipotuambia amesikia huko habari za mzee marehemu mwenye vidole viwili mkono wa kulia, nilipanda bodaboda na Masoudi nikiwa na hasira hiyo hiyo. Tulipopita Nkowe nilikuwa bado napanga maneno ya kumtukana huyo mama.

Nilimkuta mjane wa makamo, nyumba yake haina hata mlango wa maana. Alitukaribisha, akalia kabla yangu. Alisema alimkuta baba amekaa pembeni ya shamba lake, miguu imevimba, hajui jina lake wala anakotoka. Akamwosha, akampa uji na kitanda chake mwenyewe, yeye akalala kwenye mkeka. Kila jioni baba aliuliza Mwanne yuko wapi. Yule mama akadhani ni jina la binti yake. Kaka, baba alisahau kila kitu, lakini jina la mama alibaki nalo. Homa ilipomzidi akafariki, watu wa msikitini walimwosha na kumzika kwa heshima zote. Kaburi nimeliona, limefagiwa vizuri.

Nilimuuliza kwa ukali kwa nini alilipuuza tangazo letu. Akasema hakulipuuza. Mkwewe alileta simu, wakaiweka karibu na uso wa baba. Kwenye picha kuna mzee wa mashavu, kidevu kimenyolewa. Kitandani kuna mifupa na ndevu. Hawakuwa na uhakika. Ndipo akanijibu neno ambalo halinipi usingizi mpaka leo: "Tuliutafuta mkono, mwanangu. Haukuwepo, wala haukuandikwa. Tukasema huyo ni mzee wa watu wengine."

Unakumbuka tulivyobishana siku tunaandaa tangazo. Mama alikataa katakata tuandike habari za mkono. Alisema baba ameuficha ndani ya kanzu tangu mashine ya kusaga ilipomkata vidole, na hatakubali sasa atangazwe kilema kwenye nguzo za umeme. Wewe ukamtuliza, ukasema hakuna haja ya kuandika, picha yenyewe itaonyesha. Na kweli ilionyesha, ile picha ya sikukuu ya Idi uliyoipiga kwa mlalo: baba upande mmoja wa mkeka, mama upande wa pili, mkono uko wazi katikati.

Pale barazani nilifungua simu yangu nimwonyeshe Bi Mwamina kwamba ni mwongo. Tangazo lilijaa kioo vizuri, wima, uso mkubwa, namba zetu chini. Mkono hakuna. Nikaitafuta ile picha ya Idi, nikailaza simu. Bi Mwamina alipoona mkono tu, akaziba mdomo kwa khanga.

Kaka, ni wewe uliyeikata. Ulitaka isimame wima ijae kwenye stetasi, na karatasi za Harithi pale steshenari zitoke hivyo hivyo. Ukaondoa upande wa mama, mkono ukaenda nao. Sikuandikii kukulaumu. Nilizibandika mwenyewe kuanzia stendi mpaka Nanganga, kila karatasi nikiitazama, na sikuona kilichopungua. Tulikuwa tunamtazama baba yetu; hatukumfikiria mtu asiyemjua atamtambua kwa lipi. Lakini nimeumia, na siwezi kukuficha kwamba kuna siku nakasirika nawe.

Basi usiende polisi. Ukija, njoo na khanga ya Bi Mwamina na sukari, tukamshukuru pamoja. Wajomba sijawaambia na sitawaambia. Masoudi alisikia yote, nimemwapisha.

Mama hajui neno hata moja la haya ya picha kukatwa. Wajukuu anawasalimia sana, Masoudi naye anasema shikamoo. Jana mama ameniomba nimtengenezee picha ya baba ya kuweka chumbani. Nikamwonyesha ile ya tangazo, akaisukuma pembeni. Anataka ile ya Idi, nzima. Anasema mle baba anampa kitumbua, na ndiyo siku pekee alipompa kitu mbele ya watu kwa mkono ule.

Niliyo nayo kwenye simu ni hafifu, haifai kuchapwa. Nakuomba unitumie ile yenyewe uliyoipiga, usiiguse.

Mdogo wako akupendaye,
Saada Abdala