Shikamoo Niliyokataa Kuikata

Jumanne, saa kumi na moja kasoro jioni. Lipangalala.

Mvua imeanza kabla hatujaamka na haijapumzika hata kidogo. Umeme ulikatika saa nne. Maji ya mtaro yamepanda hadi ngazi ya pili ya baraza, na vyura wanalia mchana kweupe. Chumba kimekuwa giza kiasi kwamba mwanga pekee humu ndani ni wa hii laptopu, nayo chaji inaelekea kuisha.

Melania, ninayeishi naye, yuko upande wa pili wa chumba anafunga begi. Hajaniongelesha sana tangu saa nane mchana, zaidi ya kuniambia nisogee.

Ninaogopa. Naandika hivyo hivyo, bila kupamba.

Blogu hii ni zoezi la darasa. Kila mwanafunzi wa uandishi wa habari mwaka wa pili anatakiwa awe na yake, aandike angalau mara moja kwa wiki, na Madam Roida, anayetufundisha video na tovuti, hupita kusoma na kutoa alama. Mimi nimezoea kuandika hapa mambo ya kuchekesha: siku niliyomrekodi mkuu wa chuo dakika ishirini bila kuwasha maiki, siku niliyofuta kazi ya kikundi kizima nikidhani nasafisha memori kadi. Leo hakuna cha kuchekesha. Na leo sitabonyeza "Chapisha". Nitaandika, nitahifadhi, basi. Majina nayo nimeyabadilisha yote, hata langu. Hilo nimejifunza, ila nimechelewa.

Nianze tangu mwanzo, maana nikiruka popote nitakuwa najitetea.

Zoezi la video lilikuwa hivi: dakika tano, habari ya kweli kutoka bondeni, tuipige wenyewe, tuihariri wenyewe, tuipandishe wenyewe kwenye tovuti ya darasa. Wenzangu wengi walichagua soko, mpira, kwaya. Mimi nikakumbuka maneno ambayo Melania aliwahi kuyaleta kutoka kwao Mofu, kwamba kuna watu wanamwaga sumu kwenye madimbwi yanayobaki mto ukipungua. Samaki wanaelea wote, wakubwa na vifaranga, halafu wanapakiwa kwenye gari la barafu na kupelekwa kuuzwa. Baba yake ni mvuvi. Alikuwepo kwenye kambi ya wavuvi asubuhi ile madumu ya sumu yaliposhushwa, na alimwona aliyeyaleta.

Mimi na Melania tulikwenda Mofu mvua zikiwa bado hazijakolea. Baba Melania ni mtu mrefu, mkimya, anayecheka kwa mabega bila sauti. Alitupikia mwenyewe wali na samaki wa kitoga, maana mama yake Melania alishafariki, na akakataa kabisa tusimsaidie kuosha vyombo. Tulipomaliza kula akasema sharti lake.

"Nilichokiona nitakisema chote. Ila sura yangu isionekane, na sauti yangu watu wasiitambue. Pale kambini tulikuwa zaidi ya ishirini. Mkinificha vizuri, yule bwana hatajua ni nani kati yetu."

"Usijali, baba," nikamwambia. "Hiyo kazi tumefundishwa."

Nilisema kwa kujiamini kweli.

Kuhariri kulinichukua wiki mbili. Kuziba sura ya mtu anayetikisa kichwa akiongea si mchezo. Unaweka ukungu usoni, yeye anageuka kutazama mto, sikio na nusu ya shavu vinabaki nje. Inabidi uusogeze ule ukungu kidogo kidogo, picha kwa picha. Nilifanya hivyo hadi macho yakawa yanatoa machozi. Nikaona kovu kwenye mkono wake wa kushoto, nikaliziba. Nikaona namba ya mtumbwi wake, nikaiziba. Sauti yake nikaishusha mpaka ikawa nzito, isiyo ya mtu yeyote. Melania mwenyewe alisikiliza akasema, "Aisee, hata mimi simjui huyu mzee."

Madam Roida aliitazama, akasifu ile kazi ya ukungu mbele ya darasa, kisha akasema jambo moja tu.

"Kata mwanzo. Hapo mnaposalimiana, sekunde kumi na mbili zote hizo za nini? Mtu wa mtandaoni hangoji. Anza pale anapotaja madumu."

Nikakataa.

"Madam, bibi yangu kule Mlimba akisikia nimemuuliza mtu mzima swali kabla sijampa shikamoo, atanifuata huku na fimbo," nikasema. "Video ikianza bila salamu, watu wa bondeni wataona ni mtoto asiye na adabu anaongea. Hata hizo habari za sumu hawatazisikiliza."

Darasa likapiga makofi. Mtu wa nyuma akapiga mluzi. Madam akacheka, akanyoosha mikono juu. "Haya, umeshinda. Baki na salamu yako."

Siku ile nilitembea kifua mbele. Hadi humu niliandika kwamba nimemshinda Madam, nikaweka na vichekesho.

Ijumaa tukaipandisha. Jumamosi watu walikuwa wanaitumiana hadi Mlimba, na Melania alicheza katikati ya chumba akiwa na mwiko mkononi. Maoni yalikuwa mazuri: hongereni, semeni tu, hao watu wametuchosha. Jumapili tulipotoka kanisani nikakuta maoni mapya, neno moja, kutoka kwa mtu asiye na picha wala jina la maana.

"Marahaba."

Tukacheka. Nikamwambia Melania kuna babu mstaarabu huko ananiitikia salamu yangu. Nikambonyezea alama ya moyo.

Nilimpa moyo. Sijui nitalisahau lini hilo.

Leo saa saba, baada ya kipindi cha asubuhi, nilifungua tovuti kwa simu nikiwa nimejikinga mvua kwenye baraza la kantini. Mtu yuleyule alikuwa ameandika tena.

"Msalimie Baba Melania. Mwambie tumemsikia."

Kwanza nilidhani ni ndugu yao. Kwa muda mfupi nilifurahi kabisa, nikasema ndugu kamtambua mtu wake. Halafu nikajiuliza, kamtambuaje? Sura nimeziba. Kovu nimeziba. Namba ya mtumbwi nimeziba. Sauti hata binti yake hakuijua.

Nikavaa spika za masikioni, nikaicheza ile video bila kuitazama. Nilifumba macho kabisa. Sekunde ya tatu nikajisikia mwenyewe, mchangamfu kupita kiasi:

"Shikamoo Baba Melania! Habari za hapa?"

Sauti yangu sikuishusha, maana mimi sikuwa na cha kuficha. Na inasikika vizuri mno, kwa sababu siku ile niliazima maiki bora kuliko zote pale chuoni.

Mofu nzima Baba Melania ni mmoja. Jina lake la ubatizo sijawahi kusikia mtu akimwita nalo, na mimi nisingeweza kumwita nalo hata ningelijua, baba wa rafiki yangu. Video ile nimeitazama labda mara mia. Melania ameitazama. Madam ameitazama na kalamu mkononi. Darasa zima limeitazama likapiga makofi. Hakuna hata mmoja wetu aliyesikia lile jina. Salamu tunaipitia tu, masikio yanangoja kinachofuata. Melania ndiye kabisa, maana tangu azaliwe amesikia baba yake akiitwa hivyo.

Kumbe kulikuwa na mtu anayesikiliza kwa utulivu, anayetafuta jina tu. Jina nilimpa mimi, kabla hata habari haijaanza.

Niliifuta palepale kantini, kwa haraka hadi nikakosea neno la siri mara mbili. Lakini Madam alitufundisha mapema kwamba ukifuta kwenye tovuti umefuta kwako tu. Nilipofika nyumbani nilikuwa nimeshaikuta kwenye grupu la kwaya na kwenye grupu la wauza mpunga. Huko kwa wauza mpunga haikuwa yote. Mtu alikuwa ameikata, akabakisha zile sekunde kumi na mbili za mwanzo peke yake.

Ndizo Madam alizoniambia niondoe.

Melania alikuwa anaanika nguo humu ndani, kamba kutoka dirishani hadi kwenye msumari wa mlango. Nilimwambia nikiwa nimesimama mlangoni na viatu vya matope. Nilikuwa nimejipanga njia nzima namna ya kuanza, lakini yalinitoka ovyo.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Akakaa kitandani, shati bichi likiwa bado mikononi, maji yanachuruzika sakafuni.

"Editha, yule ndiye mzazi niliyebaki naye." Hakupiga kelele. Heri angepiga. Nikamwambia kosa ni langu lote, nikamwambia nitakwenda popote, nitasema kwa yeyote. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Na mimi nilicheza na mwiko." Baada ya hapo akaanza kutafuta begi.

Nilimpigia Madam nikamweleza yote. Akasema mwalimu ni yeye, na yeye ndiye aliyepaswa kusikia. Hakunigombeza. Ameongea na polisi, askari mmoja atasafiri nasi, ameazima gari la juu kwa sababu barabara ya Mofu kwa mvua hii ni tope tupu, na atatupitia saa kumi na moja. Alituambia tusiseme kwa mtu mwingine yeyote kwamba tunakwenda.

Simu ya mzee ilikuwa haipatikani tangu saa nane. Hilo peke yake si ajabu, tukajipa moyo. Mofu mvua ikinyesha mtandao unapotea, na mzee akiwa kambini simu huifunga kwenye mfuko wa nailoni akaichomeka juu ya kichanja. Melania alipiga, akapiga, akapiga. Kila mara yule dada wa kwenye simu alitujibu kwa upole uleule.

Saa kumi na robo ikaita.

Melania akaweka sauti ya nje, tukainama juu ya simu sote wawili, vichwa vimegusana. Ikapokelewa. Tulisikia mvua ya huko, inapiga juu ya bati au turubai, sikuweza kujua.

"Shikamoo baba," Melania akasema haraka haraka.

"Marahaba."

Melania akainua uso akanitazama. Sijawahi kuona uso wa mtu umebadilika vile. "Huyu siyo baba," akaninong'oneza, na simu ikakatwa. Tangu hapo haipatikani tena.

Inawezekana ni jirani aliyeokota simu. Inawezekana mzee yuko majini na amemwachia mtu amshikie. Inawezekana ni mtandao tu umeharibu sauti. Mimi mwenyewe niliibadilisha sauti ya mzee huyuhuyu kwa kubonyeza mara mbili. Haya yote nimemwambia Melania. Amenijibu kwamba sauti za wavuvi wote wa kambi ile anazijua tangu utotoni, na kwamba jirani angesema jina lake. Jirani asingekata simu.

Nimemtumia Madam ujumbe kuhusu hiyo simu. Amejibu neno moja, "Nakuja", na nimeona kwamba ameandika haraka, hakuweka hata nukta, yeye anayetukata alama kwa nukta.

Nimekaa hapa najilaumu kwa kitu ambacho hata sasa sijui ningekifanyaje. Kumwita "mzee" tu? Kunyamaza? Kukata? Ndiyo, kukata. Mtu mzima aliniambia nikate, nikataka makofi.

Naona taa za gari zinapinda kona ya kanisa. Maji yamefika ngazi ya tatu.

Melania ameshavaa koti, begi liko mgongoni. Nimemuuliza kama kweli anataka niende naye, au mimi nibaki, maana labda kuniona kutamuumiza zaidi.

"Wewe ndiye uliyemsalimia," amesema. "Twende."

Chaji ni asilimia sita. Nahifadhi, sichapishi.

Tutaingia Mofu tukiwa tumelowa, na kama kawaida kila mtu mzima tutakayempita barabarani atasimama angoje nimpe salamu yake, na mmoja wao huenda ndiye aliyeniitikia Jumapili nikampa moyo. Nitafungua mdomo niseme nini?